Siku Moja ya Hija ya Miguu Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo kwa Kundi la Parokia

Siku ya hija ya miguu huharibika kabla ya saa nne asubuhi, ingawa maumivu hujitokeza saa nane mchana. Asubuhi miguu haijachoka, baridi inawafanya watu wakaze mwendo ili wapate joto, kwaya imeanzisha wimbo wa mchakamchaka, na vijana wamekwisha kutangulia nusu kilomita. Kundi linakwenda kilomita sita kwa saa bila kujijua. Ikifika saa sita, walewale waliokuwa mbele ndio wanaokaa kando ya barabara wakivua viatu. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unarudi hapo: nendeni taratibu mapema, na miguu ishughulikiwe kabla haijauma.

Mwongozo huu ni wa siku moja ndani ya hija ya siku kadhaa, kwa kundi la watu wa rika zote, katika barabara za Iringa, Njombe na Mbeya. Maandalizi ya kiroho tunamwachia paroko na katekista.

Kupima siku kabla ya kuitembea

Kundi mchanganyiko hutembea kilomita 4 kwa saa kwenye tambarare. Mtu mmoja mwenye mazoezi hufikisha 5, lakini kundi haliendi kwa mwendo wake. Kwa kila mita 100 za kupanda, ongeza dakika 10. Kisha ongeza mapumziko: dakika 10 kila baada ya saa moja, na saa nzima ya chakula cha mchana. Chukua mfano wa kilomita 24 zenye jumla ya mita 300 za kupanda. Kutembea ni saa sita, mlima ni nusu saa, mapumziko mafupi yanakaribia saa moja, chakula saa moja. Jumla ni saa nane na nusu. Mkiondoka saa 12:30 asubuhi mtafika saa 9:00 alasiri, na hapo ndipo pa kufika. Kundi linalopanga kufika saa 12 jioni halina akiba ya muda kwa mvua, kwa mgonjwa wala kwa njia iliyopotea.

Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60. Waliozoea hugawa siku mbili. Wenye wazee na watoto wagawe tatu. Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, hadi Tukuyu urefu unakaribia huohuo, ila njia ni ngumu zaidi: inapanda hadi Isongole, chini ya Mlima Rungwe, kisha inateremka muda mrefu kupitia Kiwira. Iringa hadi Mafinga, kama kilomita 80, ni siku tatu au nne. Kule Hispania, kwenye njia ya Santiago de Compostela, mahujaji wengi hutembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku na nyumba za kulala zimepangana njiani, hivyo aliyechoka anaishia alipofika. Kwetu siku hupimwa kwa mahali palipo na parokia, kigango au shule itakayowapokea. Ndiyo maana pigeni simu kwanza, ramani baadaye.

Kipande cha Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, kisitembewe kabisa. Barabara imebanwa na mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, kona hazionyeshi mbele, na malori yanayoshuka huwa yamepasha breki moto. Pandeni gari hadi juu. Hakuna neema inayopungua.

Kwa mazoezi, wakazi wa Iringa wana njia nzuri: mjini hadi Tosamaganga, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini miaka ya 1890 na kushikwa na Wakonsolata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kama kilomita 15 kwenda. Anayekwenda na kurudi siku moja, akapanda tena mlima wa Ipogolo kuingia mjini miguu ikiwa imechoka, na kesho yake akaamka na kutembea kilomita 10, yuko tayari. Anayeweza kwenda tu lakini kesho hatembei, bado. Anzeni wiki sita kabla, mara tatu kwa wiki, na kila wiki ongezeni kilomita chache kwenye ule mwendo mrefu wa Jumamosi.

Miezi na mwanga

Juni hadi Agosti ni kiangazi na kipupwe: barabara kavu, asubuhi kali. Njombe, Makete na Mufindi huwa na ukungu, na mabondeni umande huganda ukawa barafu. Tukuyu ina tabia yake, mvua hunyesha hata wakati Mbeya mjini kuna vumbi, kwa hiyo koti la mvua au nailoni pana haliachwi nyumbani. Kuanzia Novemba hadi Aprili kuna radi za mchana; hija ya miezi hiyo ipangwe iishe mapema zaidi, na wingu likinguruma msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake.

Wanaotoka Pwani wajue jambo moja kuhusu saa. Mwezi Juni jua huchomoza Dar es Salaam kama saa 12:35 asubuhi, Iringa karibu saa 12:50, na Mbeya kama saa 1:00 kamili. Mkipanga kuondoka Uyole saa 11:30 kwa mazoea ya Dar, mtatembea zaidi ya saa nzima gizani kwenye barabara ya malori. Kama hakuna sababu kubwa, ondokeni kukiwa kumeanza kupambazuka.

Begi

Begi la mgongoni lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtu. Mwenye kilo 60 abebe kilo 6 pamoja na maji. Blanketi, godoro na nguo za kubadilisha ziende na gari la mizigo. Kinachokaa mwilini ni kile ambacho gari likiharibika bado utakihitaji: maji lita moja na nusu hadi mbili, chakula cha njiani, sweta na kofia ya sufu, koti la mvua, soksi jozi moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, tochi, kitambulisho, kadi ya bima, fedha kidogo, na dawa zako.

Hapo kwenye dawa hakuna mjadala. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu, au anayetumia dawa za kufubaza virusi azibebe mwenyewe, siyo garini. Dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo hukausha mwili haraka mtu akitembea juani. Muulize daktari wiki mbili kabla, usijipunguzie mwenyewe. Mwenye kisukari awe na pipi au sukari mfukoni, na mtu mmoja anayetembea naye ajue hali yake.

Kitenge kimoja kinafanya kazi nyingi: shuka, pazia la kujisitiri vichakani, kivuli, taulo, hata kamba ya kufungia mkono ulioteguka. Wanawake wabebe pedi hata kama tarehe haijafika, maana uchovu na mwinuko hubadilisha mzunguko wa baadhi ya watu. Wenye ualbino watembee na kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, miwani na losheni ya kujikinga na jua, na waipake upya kila saa mbili. Ubaridi wa huku unadanganya: jua halichomi kwa joto lakini mionzi ni mikali kuliko Pwani.

Miguu

Lengelenge hutokana na vitu vitatu vikikutana: msuguano, unyevu na joto. Ondoa kimoja tu, mara nyingi halitokei.

Viatu viwe vile ulivyokwisha kutembelea kilomita zisizopungua 50. Raba ya bei ndogo iliyozoeana na mguu wako ni bora kuliko buti jipya la gharama. Wapo watakaotembea na katambuga, zile ndala za matairi, njia nzima wakafika salama kuliko wote, kwa sababu ndizo wanazovaa kila siku shambani. Asiyezizoea asiige, ukanda utamchuna siku ya kwanza. Nunua kiatu alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Kiatu kinachobana tambarare kitang'oa kucha kwenye mteremko. Kandambili ni za jioni.

Kucha zikatwe siku tatu kabla, kwa mstari ulionyooka. Ukikata usiku wa kuamkia safari, kingo bado ni kali na zitachoma kidole cha jirani. Asubuhi paka mafuta ya mgando kati ya vidole, kwenye kisigino na mapajani kunakosuguana, kisha vaa soksi isiyo na mshono mkubwa. Soksi mbili, nyembamba ndani na nzito nje, husaidia ikiwa kiatu kina nafasi. Kikibana, zinaongeza tatizo.

Sasa kanuni ambayo watu huivunja zaidi. Ukihisi mahali panachoma, simama wakati huohuo. Siyo kwenye mapumziko yajayo. Vua kiatu, toa mchanga, kausha, bandika plasta pana isiyo na mkunjo, vaa soksi kavu. Ni dakika tano. Hujaji anayeona aibu kusimamisha wenzake kilomita ya sita ndiye atakayewasimamisha saa nzima kilomita ya kumi na sita.

Lengelenge likishatokea na ni dogo, lifunike na uliache. Likiwa kubwa na linauma kila hatua, nawa mikono, lisafishe kwa spiriti, chukua sindano mpya au iliyochemshwa, toboa pembeni chini kabisa matundu mawili madogo, kamua taratibu kwa gozi (kitambaa safi cha kufungia vidonda), na ngozi ya juu iache ilivyo. Weka dawa ya kuua vijidudu, funika. Usipitishe uzi na kuuacha ndani kama wengine wanavyofundishana. Uzi unaingiza uchafu. Likigeuka usaha, au wekundu ukianza kupanda mguuni, huyo anapanda gari na anakwenda kituo cha afya. Mwenye kisukari asitoboe kabisa.

Kuondoka na mwendo

Amkeni dakika 75 kabla ya kuondoka. Uji wa moto vikombe viwili, na kitu kizito: chapati, viazi vya kuchemsha au mayai. Chai tupu na andazi moja haifiki saa nne. Mkiomba na kupewa baraka, hesabu watu, kwa majina.

Vaa nguo kiasi cha kuhisi baridi kidogo mnapoanza. Aliyejifunika sweta mbili atalowa jasho ndani ya nusu saa, na jasho hilo ndilo litakalomtetemesha mkisimama kwenye upepo wa Makambako.

Kila kundi liwe na mtu wa mbele na mtu wa mkia. Wa mbele achaguliwe kwa upole wa mwendo, siyo nguvu. Mama wa makamo aliyezoea kwenda mnadani kwa miguu anafaa kuliko kijana wa timu ya mpira. Hakuna anayempita. Wa mkia ana filimbi na simu yenye chaji, na hakuna anayebaki nyuma yake, hata aliyeingia kichakani. Watu zaidi ya 30 wagawanywe makundi.

Kipimo bora cha mwendo ni wimbo. Kama watu wanaimba mlimani na sauti haikatiki katikati ya neno, mwendo ni sahihi. Wakibaki kuimba wawili, mmekwenda haraka. Rozari yenye wimbo kati ya tendo na tendo huchukua karibu nusu saa, yaani kama kilomita mbili. Viongozi wengi huitumia kama saa yao. Wimbo wa kasi uwekwe akiba ya mchana, watu wakianza kusinzia.

Barabarani

Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo mtembea kwa miguu anakaa kulia, akiyatazama yanayokuja, nje ya lami, mstari mmoja. Kwenye barabara ya Tunduma malori hufuatana, na hatari kubwa ni la pili linalotaka kulipita la kwanza. Pale ambapo kona inapinda kulia na ukuta wa mlima uko upande wenu, dereva hawaoni. Vukeni mapema, mmoja akiangalia kila upande, mpite kushoto, mrudi.

Waliovaa reflekta wawe wa kwanza, wa mwisho na mmoja kila watu kumi. Mwenye bendera nyekundu atangulie mita 50 mbele, mwingine afuate mita 50 nyuma. Spika kubwa mbele ya msafara inafurahisha lakini inawazuia kusikia honi. Izimeni kwenye kona na madaraja. Vipokea sauti vya masikioni havitakiwi kabisa. Wiki moja kabla, pelekeni taarifa ya maandishi polisi, na kwa watendaji wa vijiji mtakavyolala. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Palipo na barabara ya vumbi inayokwenda sambamba na lami, ichukueni. Ni ndefu kidogo, lakini nyayo zinashukuru na mnaweza kusali bila kupigiwa kelele.

Maji na chakula

Kunywa kidogo kidogo, kama nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwa kali. Baridi ya Njombe huua kiu lakini jasho na pumzi bado vinapoteza maji. Angalia mkojo: wa njano hafifu ni mzuri, wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Upande wa pili, kunywa lita nyingi za maji matupu bila chumvi nako huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo baada ya saa tatu za kutembea, kunywa mchanganyiko wenye chumvi: pakiti ya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, au vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji salama, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Maji ya mto, hata yakiwa meupe na yanatoka mlima Rungwe, yachemshwe au yatiwe dawa. Juu ya kila chemchemi kuna ng'ombe.

Kila mapumziko, kula kitu: karanga gao moja, ndizi mbivu, kiazi kilichochemshwa na chumvi. Mchana kula nusu ya shibe yako. Makande ni chakula kizuri cha jioni. Ukiyala saa saba na kupanda mlima saa nane, utajuta na walio nyuma yako watajuta zaidi. Parachichi za Rungwe na Njombe ni za jioni pia, mafuta yake huchelewa kusagika. Ulanzi na komoni mtakaribishwa njiani kwa moyo mweupe. Shukuruni, mkatae hadi hija iishe: pombe hukausha mwili, na ulanzi uliokuwa mtamu asubuhi si uleule alasiri.

Mapumziko ya mchana, vua viatu na soksi, inua miguu juu ya begi, badilisha soksi, zilizolowa zifunge nje ya begi zikauke. Msizidishe saa moja, misuli itakakamaa. Kujisaidia ni kwenye vyoo vya kanisa au shule. Pasipokuwepo, mita 60 kutoka majini, kwenye shimo la kina cha kiganja, na lifukiwe.

Mteremko

Watu hufurahia mteremko, na hapo ndipo magoti yanapoumia. Kabla ya kushuka kutoka Isongole, kazeni kamba za viatu sehemu ya juu, kwenye kifundo, ili mguu usiteleze mbele. Huku mbele kwenye vidole pabaki palegevu. Hatua ziwe fupi, goti likunjwe kidogo, na fimbo itangulie. Fimbo ya mwanzi inatosha, iwe na urefu wa kufika kiwiko. Msikimbie hata barabara ikiwavuta. Vidole vikianza kugonga mbele ya kiatu, simama na ufunge upya.

Mtu akianza kuyumba, kuongea ovyo, kutetemeka bila kukoma au kubanwa kifua, siku yake imeisha. Juani mweke kivulini, mlegeze nguo, mpepee na kumlowesha maji. Kwenye ukungu na mvua mvue nguo zilizolowa, mfunike nguo kavu, na kama anameza vizuri mpe kitu cha moto chenye sukari. Kisha gari. Asipewe pole za kumtia moyo atembee.

Mkishafika

Dakika thelathini za kwanza ni za miguu, kabla ya chai na soga. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha hadi kati ya vidole, kagua kukiwa bado na mwanga wa jua. Usiloweke mguu muda mrefu; ngozi iliyolainika huchunika kesho. Fua soksi, zianike. Viatu vilivyolowa viwekwe magazeti ndani na yabadilishwe kabla ya kulala, visianikwe karibu na moto maana gundi huachia. Kula ndani ya saa moja: ugali au wali, maharage, mboga, na kipande cha nyama au samaki kama kipo. Lala chali dakika 15 miguu ikiegemea ukutani.

Sakafu ya saruji ya darasa huko Njombe hunyonya joto la mwili kuliko hewa, hivyo tandika maboksi au mkeka chini ya godoro. Ukiwa na blanketi moja tu, litandike chini na ujifunike nguo. Mkilala upande wa Chimala na Igurusi, ambako ni chini, kuna mashamba ya mpunga na joto, chandarua ni lazima.

Saa 2:30 usiku viongozi wakutane kwa dakika 15. Mtu wa mkia ataje majina ya waliochechemea, na hao wakaguliwe miguu usiku huohuo. Iamuliwe nani anapanda gari kesho, na aambiwe leo, siyo asubuhi mbele ya watu. Dereva wa gari la mizigo apewe mahali pa kwanza pa kusubiri. Katekista wa kituo kinachofuata apigiwe simu na kuambiwa idadi kamili ya watakaokula, wanaume wangapi na wanawake wangapi, na saa ya kufika, mkiongeza nusu saa juu ya hesabu yenu.